Nilivyoingia kwa Wakwe Kinyumenyume kwa Matairi Mapya

Jambo hili ni la aibu, nami nimelinyamazia tangu masika yaliyopita, lakini kwa kuwa watu wa Vudee wanalisimulia kila mmoja kwa namna yake, na wengine wameongeza kwamba nililia (sikulia, mvua ilikuwa inanyesha), nimeona heri nilisimulie mwenyewe, na mjukuu wangu aliandike kama ninavyolitamka, bila kulipamba.

Mimi sikukanyaga darasa hata siku moja. Niliendesha lori la shamba la mkonge kule tambarare mpaka nikazeeka, na tairi nalijua kwa kidole gumba: unalibinya, likibonyea kama andazi si tairi, likikataa ni tairi. Kwa kipimo hicho nilivuka miiba ya njia ya Jipe na mawe ya kuelekea Kihurio, na madereva wengi wa Same wamenijia niwabinyie matairi kabla hawajanunua.

Basi mjukuu wangu Elinami akapata mchumba, binti wa Vudee, juu milimani, nami nikateuliwa kuongoza posa. Baba wa binti alikuwa ametanguliza ujumbe kwamba amekwisha kumkataa mchumba mmoja kwa sababu wazee wake walikuwa watu wa papara, na kwamba mwanawe hamtoi ila kwa ukoo wa watu waangalifu. Elinami akaninong'oneza, "Babu, ukiharibu, mimi nimekwisha." Nikamjibu kwamba katika maisha yangu sijaharibu kitu. (Liandikwe na hilo.)

Kwa heshima ya safari hiyo nikaamua kuivalisha pikapu yangu matairi mapya. Dukani nilikwenda na Sefu, dereva wangu, mtu wa Lembeni ambaye hupanda milima ile kila siku ya gulio. Matairi yalikuwa ya aina mbili, na kila tairi lilibandikwa karatasi ya rangi yenye picha: pampu ya mafuta, wingu la mvua, na spika, na kando ya picha kuna mistari, wa juu ni wa kijani na mfupi, wa chini ni mwekundu na mrefu, na alama inaonyesha tairi lenyewe limeangukia mstari upi.

"Mzee, tuchukue haya," Sefu akasema. "Kwenye mvua yana A. Yale mengine yana E, na mlima wa Vudee ukilowa ni sabuni."

Nikalibinya la Sefu. Likabonyea. Nikalibinya lile jingine, kidole kikaniuma. Kisha nikaitazama karatasi kwa macho yangu mwenyewe (herufi sizijui, lakini macho ninayo), nikaona tairi la Sefu limepewa kimstari kifupi kama kidole cha mtoto, na langu limepewa mstari mrefu kuliko yote. Mtu yeyote aliyewahi kupima shamba, au kitambaa, au hata muwa, anajua kwamba kirefu ni zaidi ya kifupi.

"Sefu," nikamwambia, "wewe umesoma ukapitiliza."

"Sawa, mzee," akasema.

Nikanunua ya mstari mrefu. Tena ile karatasi nikaibandua kwa uangalifu, nikaibandika kwenye kioo cha mbele, upande wa nje, ili wakwe waone kwamba tumekuja na kitu cha daraja la juu.

Siku ya safari, kutoka Same hadi mwanzo wa mlima njia ilikuwa kavu, na matairi yalikwenda vizuri ajabu, nami nikayasifu, nikayasifu tena, hata dada yangu Naelijwa, aliyekuja kwa niaba ya wanawake wa ukoo na alikuwa amekaa kiti cha nyuma na sukari na kanga (mbuzi alikuwa kwenye bodi), akasema, "Kaka, tumesikia."

Tulipoanza kupanda, mvua nayo ikaanza. Nyumba ya wakwe iko chini ya kona ya mwisho: unapanda, unaipita, unakata kona, kisha unashuka kuingia uani kwa staha. Sefu akasimamisha gari kabla ya mwinuko huo wa mwisho. "Mzee, tairi haling'ati. Tushuke tutembee, ni pale tu." Nikatazama, nikawaona wakwe wamejipanga barazani, wanatungoja. Ukoo wangu hauendi kuposa kwa miguu na tope kwenye suruali.

"Shuka," nikamwambia Sefu. "Usukani nishike mimi."

Gari likapanda, likapanda, likaipita nyumba, likafika mahali magurudumu yakawa yanazunguka palepale, kisha, bila haraka yoyote, likaanza kurudi. Nikakanyaga breki. Breki zilikuwa nzima, magurudumu yakasimama, gari halikusimama. Likatoka barabarani kinyumenyume, likapita katikati ya shamba la tangawizi, likaangusha ua wa jiko, na nyuma yake ikakomea mlangoni alipokuwa amesimama mama wa binti na mwiko mkononi. Mbuzi akaruka chini, akaanza kula maharage ya shambani.

"Karibuni," akasema yule mama, maana ni mtu aliyelelewa.

Wanaume wakaja mbio na kamba. Sasa kwetu mjumbe wa posa hapokei msaada wala maji ya kunywa kabla hajaulizwa anachokuja kutafuta, nami desturi siivunji kwa sababu ya mvua. Nikateremsha kioo nikasema, "Kwanza tuulizwe."

"Kaka!" Naelijwa akasema.

"Tuulizwe."

Baba wa binti akasogea, maji yanamtiririka usoni. "Wazee, mmekuja na heri?"

"Heri tupu. Tumeona ua zuri katika bustani yenu."

Akaitazama tangawizi yake chini ya magurudumu. "Na mimi naliona," akasema.

Kisha macho yake yakaangukia karatasi kwenye kioo. Yule bwana husafirisha tangawizi kwa lori lake mwenyewe. Akaisoma yote, taratibu, kama anayesoma tangazo la msiba.

"Mzee, kwenye mvua hii ni E. Ndiyo ya mwisho."

"Ndiyo ndefu," nikasema.

"Kadiri inavyorefuka ndivyo inavyozidi kuwa mbaya. Nani alikwambia ndefu ndiyo bora?"

Nikafikiri. "Nilijiambia."

Hakucheka. Aliyecheka ni Sefu, aliyekuwa amekuja nyuma kwa miguu na viatu safi kuliko vyangu.

Tulipokwisha kuingia ndani, wazee wao wakateta faraghani kwa muda mrefu, nami nikawa namfikiria Elinami aliyekuwa nyumbani ameshika simu. Baba wa binti akarudi. "Posa tumeipokea, kwa sababu kijana tunamjua na hakuwa yeye kwenye usukani. Lakini binti yetu hashuki mlima huu kwa matairi hayo, wala dereva akiwa wewe. Matairi yako hayo ni ya Jipe, baba. Huko ni kweli yangefaa, maana karatasi haisemi habari za miiba. Hapa ni mlimani."

Nikakubali yote. Jioni hiyo niliusimamisha upya ua wa jiko, nikiwa ndani ya suti, mama wa binti akinishikia nguzo. Kisha wanaume wakaivuta pikapu kwa kamba hadi barabarani, Sefu akaishusha tupu, polepole, nasi tukashuka mlima kwa miguu, na kila nyumba tuliyoipita watu walitoka nje.

"Shikamoo, mzee. Gari liko wapi?"

"Marahaba. Limetangulia."

Naapa mbele ya aliyeniandikia: tairi la mlimani nitamuuliza kwanza anayeijua mvua ya mlima huo, na karatasi nitasomewa na mwenye kusoma, neno kwa neno, mikono yangu ikiwa mifukoni.