Sponji Chini ya Zulia la Shangazi

Shangazi yangu alisimama katikati ya nyumba yake mwenyewe, akapapasa ukuta, akauliza, "Jamani, hapa ni kwa nani?"

Nilikuwa nimepiga magoti nikikata sponji iliyozidi kando ya ukuta. Kisu kilinitoka mkononi. Nyumba ile ya Mbozi aliingia akiwa bibi harusi, na hata macho yake yalipobakiza kutofautisha mwanga na giza tu, aliendelea kutembea humo bila fimbo wala kushikwa mkono. Mimi ni mtu wa kuzurura. Niliacha shule darasa la sita, nikabeba mizigo mpakani Tunduma, nikachimba dhahabu kule Mkwajuni, na kila nilipochoka nilirudi kwake. Sikuwahi kumwona akigonga hata kigoda.

Mwanawe, ambaye mimi humwita kaka, ana duka Tunduma. Alitaka kumhamishia mama yake huko, kwenye vyumba vya kupanga karibu na foleni ya malori. Shangazi hakutaka kuacha shamba lake la kahawa. Mwishowe wakaafikiana: sakafu yote ifunikwe kwa kitu laini, ili hata akianguka asivunjike mfupa. Akishindwa kuishi hivyo, atahama.

Basi Jumapili ile, shangazi akiwa kanisani, tuliondoa kila kilichokuwa chini ya mazulia ya zamani. Sebuleni kulikuwa na viroba vitupu vya mbolea, chumbani blanketi kuukuu. Koridoni zulia lilikuwa juu ya saruji tupu, na jikoni hakukuwa na zulia kabisa.

"Umaskini gani huu," kaka alisema, akivitupa viroba nje.

Tukatandika sponji nene ileile kila mahali mpaka jikoni, na zulia jipya juu yake. Mlango wa chumbani ukagoma kufunguka, tukaupiga randa kwa chini. Niliona tumefanya kazi nzuri. Ndipo shangazi akarudi, akavua viatu, akaingia, akauliza lile swali.

"Mama, ni kwako hapa," kaka alisema.

"Usinitanie, baba. Kwangu napajua."

Akageuka kuelekea chumbani, kumbe anakwenda kabatini. Paji la uso likagonga mbao. Paa!

Kaka alinivuta uani. "Umeona? Akili imeanza kwenda. Kesho asubuhi naondoka naye."

"Kwa swali moja tu, kaka?"

"Mtu asiyeijua nyumba yake utamwacha peke yake na moto wa jikoni?"

Lakini mimi kutaka kujua ni ugonjwa. Nilirudi ndani, nikavua viatu, nikafumba macho, nikaanza kutembea. Laini. Laini. Bado laini. Nilipodhani niko sebuleni nikafumbua macho, nikajikuta ukingoni mwa ngazi ya kushukia jikoni, hatua moja tu kutoka kwenye jiko la mkaa.

Nikamfuata shangazi alikokaa akisugua paji lake. "Shangazi, zamani ulijuaje kwamba umefika koridoni?"

"Kwa baridi," alijibu, kama mtu aliyeulizwa maji yana rangi gani. "Viroba vikiacha kuchakacha chini ya zulia na unyayo ukishika ubaridi, nimetoka sebuleni. Blanketi likinipokea, niko chumbani. Kwani ninyi huwa mnajuaje?"

Kaka alikaa chini palepale. "Mama! Tangu lini?"

"Tangu macho yaanze kunikimbia. Ulidhani nimetandika viroba kwa kukosa cha kutandika? Unakuja kila Krismasi, unakunywa chai, unaondoka. Hukuuliza."

Nami sikuuliza, ingawa nilikuwa nikilala humo. Miaka yote hiyo nilidhani anatembea kwa mazoea tu. Nilihisi kama nimeambiwa kuna mtu mwingine anaishi ndani ya nyumba ile.

Tulifumua kila kitu, safari hii yeye akiamuru. Sponji ibaki sebuleni tu, magoti yake yameipenda. Chumbani blanketi lirudi, maana sponji inameza miguu ya kitanda. Koridoni zulia lilale juu ya saruji. Jikoni pasiwekwe chochote. "Sponji na maji ni uvundo, na cheche ikidondoka je?" Viroba tukavipanga chini ya zulia mwisho wa koridoni, kabla ya ngazi ya jikoni, vilie kabla hajajikwaa.

Akasimama, akaenda. "Hapa koridoni. Hapa kuna ngazi." Kaka alimfuata nyuma amenyoosha mikono yote miwili, kama anayefuata mtoto anayejifunza kutembea, na hakumgusa.

Jioni ileile kaka alipakia sponji iliyobaki, tayari kuondoka peke yake. Shangazi alimpigia kelele kutoka mlangoni:

"Hiyo katandike kwako kote, mkeo naye apotee kidogo!"

Kaka hakucheka. Alikuwa bado ameikodolea macho miguu ya mama yake, na mimi vilevile.