Gia ya Pili Ilipokataa

Watu wa Mbulu mjini wakimtaja marehemu mume wangu, Sulle, husema alikuwa fundi wa gia, halafu wanaongeza kwamba alirogwa na gari jekundu la Vicent. Hilo la pili ni upuuzi, na wanaolisema nimeshawaambia usoni. Gari halikuwa na kosa. Nilikuwepo, tena nilikaa kwenye kiti cha dereva, na kilichotokea nakijua kuliko hao wanaokuja kunywa chai yangu na kuondoka na maneno.

Tulikutana Hanang, kwenye mashamba ya ngano. Yeye alikuwa fundi wa matrekta, mimi nilipika kambini. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye masikio makubwa ambayo nilimtania mpaka uzeeni. Jumapili baada ya Misa aliomba pikapu ya shamba, akanifundisha kuendesha katikati ya mabua, maana pale hata ukikosea huna cha kugonga. Nilikaa kwa dereva, yeye akakaa upande wa abiria. Kila nilipoing'ang'ania gia, aliweka kiganja chake juu ya mkono wangu wa kushoto, akangoja nikanyage klachi mpaka chini, akasema, "Sasa." Ikaingia bila kelele. Aliniambia gia haigombezwi, unaisogeza taratibu kama ndama aliyelala njiani. Nilimpenda palepale, sioni haja ya kuficha.

Baadaye mashamba yalianza kukosa vipuri. Trekta moja lilichinjwa ili jingine lifanye kazi, na mwisho wake tukapunguzwa na sisi watu. Tulirudi kwao Mbulu na binti yetu Rogathe, na sanduku la spana. Sulle akafungua gereji nyuma ya soko, chini ya mikaratusi. Ndiyo zilikuwa enzi za ruksa. Kila aliyeuza maharage vizuri alitaka gari lililokwisha kutumika Japani, na barabara zetu zilituletea yote yaliyoshindwa.

Alikuwa na namna yake ya kazi. Hakufungua gia boksi ya mtu kabla ya kuliendesha gari mwenyewe. Alivua kiatu cha kushoto ili aisikie klachi vizuri, akafunga mdomo, akaweka mkono wa kushoto juu ya gia. Mafundi wengine walisikiliza kwa masikio. Yeye, pamoja na masikio yake yale, alisikiliza kwa kiganja. Na kazi ikiisha, gari alilirudisha yeye mpaka mlangoni kwa mwenye gari, akiliendesha. Hakuna aliyewahi kuja kuchukua gari gerejini kwa Sulle.

Vicent, kijana mfanyabiashara wa vitunguu saumu, alileta lile gari jekundu miaka miwili baada ya sisi kukatwa kutoka Arusha na kuitwa Mkoa wa Manyara. Lilikuwa la milango miwili, la kukimbizana kwenye lami, na Mbulu lami tuliisikia tu. Lilipita kwenye mawe likiburuza tumbo. Nilimwuliza Vicent kama amelinunua likiwa bado halijamaliza kukua. Alicheka, akamwamkia Sulle, akaeleza shida yake: asubuhi gia zinakuwa ngumu, na ya pili inakataa kabisa mpaka gari lipate moto.

Sulle alizijaribu gia injini ikiwa imezimwa, akazijaribu ikiwa inanguruma, akarudia mchana jua likiwa limewaka. Akasema shida ni oili. Alipoimwaga, ilitoka nzito, nyeusi, ya trekta. Alicheka sana siku ile. Fundi aliyeiweka lazima ni mtu wa ngano, alisema, kwa sababu sisi wote tuliotoka kule tunaamini gia bila oili nzito haijapewa heshima yake. Hata yeye aliwahi kufanya hivyo mwanzoni. Lakini gia boksi ndogo ya Kijapani, kwa baridi ya Mbulu, ukiipa oili ile inaganda kama uji wa jana. Akaagiza nyepesi kutoka Arusha, ikaja na basi.

Alipoiweka, aliliendesha gari kwenye njia ya Masieda, akarudi uso umemshuka. Ya pili bado ilikuwa ngumu. Akakaza kebo ya klachi. Akapaka grisi maungio yote ya chini. Ngumu. Akaishusha gia boksi yenyewe, akapanga ringi za shaba zinazolainisha gia juu ya gunia, akazikagua moja moja kwenye mwanga, zote nzima. Akairudisha. Ikawa ngumu kuliko jana yake. Vicent alivumilia kwanza, kisha akaacha kuvumilia, akasema kwa adabu kwamba atatafuta mtu wa kulivuta mpaka Arusha. Jioni hiyo Sulle hakula. Fundi wa gia akishindwa na gia, watu wa soko zima watajua kabla ya kesho yake, na hakuwa na kazi nyingine duniani aliyoipenda.

Nyumbani nako kulikuwa na mambo, ila tuliisingizia Julai. Julai ya Mbulu inasingiziwa mengi. Kikombe kilimponyoka, akasema ni baridi. Siku ya Misa vifungo vya shati vilimshinda, nikamfunga mimi, tukacheka kwamba amerudi utoto. Na nani angejua? Spana alishika kwa mkono wa kulia. Watu aliwasalimia kwa mkono wa kulia, na ulikuwa na nguvu zake zote. Mkono wa kushoto kwetu haumsalimii mtu, wala haumpokelei mkubwa kitu. Hakuna aliyewahi kuushika isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa nimeuzoea mno, sikuuona ukibadilika.

Siku moja nilimpelekea makande ya mchana, nikamkuta ndani ya lile gari, injini inanguruma, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Nikamwambia ashuke ale. Hakushuka. Nikamwambia basi asogee nijaribu mimi, kwa utani tu, maana nilikuwa na miaka sijashika usukani. Kwa mshangao wangu akatoka, akazunguka, akakaa upande wa abiria.

Nilikanyaga klachi mpaka chini. Nikaisukuma ya pili. Iliingia kama kijiko kwenye maziwa.

Nilifurahi mimi mjinga. Nikamwambia imepona.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Ikaingia tena, nikaitoa, ikaingia.

"Bila nguvu, Mama Rogathe?"

"Bila nguvu, Baba Rogathe."

Akaunyanyua mkono wake wa kushoto, akauweka juu ya goti, tukautazama wote wawili kwenye mwanga wa kioo. Pale kati ya gumba na kidole kinachofuata, penye mnofu, palikuwa na shimo. Mnofu ulikuwa umekwisha. Na chini ya ngozi kulikuwa na kitu kinachezacheza chenyewe, hakitulii.

"Basi gari lilishapona siku nyingi," alisema. "Mgonjwa ni mwingine."

Nililia kwa sauti, na gari la watu linanguruma, na makande yanapoa. Yeye hakulia. Alizima injini, akaniambia nisimwambie Vicent, gari ni zima na mwenyewe alipate leo. Nikamwambia nitalipeleka mimi. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Hajawahi kumwachia mtu amrudishie gari la mteja, alisema, na hataanza na hili.

Kwa hiyo alikaa kwa dereva, kiatu cha kushoto amevua. Mimi nikakaa pale alipokuwa akikaa yeye kule kwenye mabua. Akaweka mkono juu ya gia, nami nikaweka wangu wa kulia juu ya wake. Ulikuwa wa baridi. Akakanyaga klachi.

"Sasa," alisema, nikasukuma.

Tulipita sokoni hivyo. Watu walituona tumeshikana mikono kama maharusi, wakacheka, nami niliwachukia kila mmoja wao. Kila gia aliisema yeye, nikaisukuma mimi, mpaka mlangoni kwa Vicent. Kijana alilizungusha gari mara moja tu, akarudi anang'aa, akamshika Sulle mkono wa kulia akautikisa sana, akasema fundi ni mmoja tu Mbulu nzima. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilitembea upande wake wa kushoto.

Hospitalini walisema ni mishipa ya fahamu inakufa, na dawa yake haipo, si Mbulu wala kwingine. Mkono wa kulia ulifuata, kisha miguu, kisha ulimi. Nilimlisha, nilimwogesha, nilimgeuza kitandani. Kabla sijamgeuza nilipitisha mikono chini ya mabega yake, nikangoja, akasema, "Sasa." Maneno yake yote yalimwisha taratibu, hata jina la Rogathe, hata langu, likabaki hilo moja. Sikuwahi kumgeuza kabla hajalisema.

Asubuhi moja nilipitisha mikono chini ya mabega yake, nikangoja. Nilingoja mpaka uji ukapoa, mpaka Rogathe akaja kusimama mlangoni. Halafu nikalisema mimi, nikamgeuza.