Ziara ya Jedda Niliyoiharibu

Mpaka leo sipendi kusimama karibu na mashine ya fotokopi. Ile harufu ya karatasi inayotoka ikiwa bado moto hunirudisha Riyadh, mtaa wa Malaz, kwenye duka la vitabu chini ya fleti yetu, nikiwa na miaka kumi na moja. Haya ninayokusimulia sijamwambia hata mume wangu.

Mwalimu Rehema, mwanamke wa Tanga aliyetufundisha historia na hesabu, alikuwa anatupeleka Jedda wikendi nzima kuona mji wa kale. Wiki kadhaa alituchorea ubaoni majumba marefu yenye madirisha ya mbao, akiyasifia hata kengele ikilia hatuisikii. Kila mtoto alitakiwa kuleta nakala ya ikama, kile kibali cha kuishi nchini. Yetu, iliyokuwa kwa jina la baba, ilikuwa imekwisha muda. Kafili wa baba, yaani mdhamini aliyepaswa kuihuisha, alikuwa na miezi minne akisema "bukra, bukra", kesho isiyofika, na baba, fundi wa viyoyozi, akawa hatoki ila kwenda kazini. Akiona gari la polisi alibadilisha njia. Mama alikata neno kwamba siendi, "Achieng, Jedda mafi. Halas."

Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikaiba nakala ya ikama kwenye droo. Mbili ya Kiarabu ukiiongezea jino moja huwa tatu. Mwalimu Rehema mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Nikausogeza mwaka mbele kwa kalamu nyeusi, nikatoa nakala nyingine pale dukani, wino wote ukawa mmoja. Kwenye fomu nikaiga sahihi ya baba. Nyumbani nikaaga kwamba nakwenda kulala kwa kina Mercy, rafiki yangu. Nilijiona mjanja kupita kiasi.

Huo mji wa kale niliuona kwa saa moja hivi. Nakumbuka Mwalimu akipapasa mlango mmoja wa nakshi, akicheka peke yake, akisema ni kama yuko kwao Tanga. Tulipokuwa tukirudi hotelini, mtaa wa Al-Baghdadiyah, askari wakatusimamisha. Mmoja akaingiza namba ya ikama yetu kwenye kimashine chake, akatikisa kichwa. Mwalimu aliitazama ile nakala kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Akamwambia askari kwa Kiarabu kwamba kosa ni lake, hakusoma tarehe vizuri. Akatia sahihi hati ya kuahidi kutorudia, na sote tukaamriwa kurudi Riyadh siku ileile.

Habari zilipomfikia mama naye akanibana, niliogopa mno. Nikasema Mwalimu ndiye aliyeniambia nije tu, hakuna atakayekagua.

Jumapili mama alitinga shuleni, ofisini kwa mkuu, akiniburuta. "Aki Mwalimu, nani alikupa permission umbebe mtoto wangu? Unataka tushikwe sisi wote?"

Mwalimu Rehema alikuwa amepakata faili lenye fomu na nakala zetu. Nilisubiri alifungue. Hakulifungua.

"Nisamehe, Mama Achieng," alisema. "Nilimchukua bila kukuuliza."

Mkuu wa shule alimwachisha kazi mwezi uleule. Alirudi Tanga, na sisi hatukupewa hata nafasi ya kumuaga.

Wakati huo nilimshukuru Mungu, nikiamini Mwalimu hajui aliyeichezea karatasi ile. Ilinichukua miaka kuona alichokiona yeye palepale barabarani. Hati ya serikali ikishachezewa, hakuna askari atakayemhoji mtoto. Angeitwa mwenye ikama na mwenye sahihi, na vyote viwili vilikuwa na jina la baba. Baba angefungwa, kisha tungerudishwa kwetu mikono mitupu. Kwa hiyo akaamua kazi ipotee yake.

Siku hizi mama yuko Kisumu, mvi zimemjaa. Kila tukizungumza habari za Saudia lazima amtaje "yule mwalimu mjinga aliyetaka kutuponza". Hapo mimi humwongezea chai.