Motokari ya Papa Iliyolala Kuku

Rafiki yangu, juzi yaya, yaani kaka yangu mkubwa anayeishi Ubelgiji, alinitumia tangazo kwenye simu bila kuandika neno. Nilikuwa dukani kwangu, hapa Kisangani, nikiuza dawa. Nilifungua nikaona motokari ndogo ya viti viwili, isiyo na paa, nyekundu, inang'aa mpaka mawingu yanaonekana juu ya rangi yake. Ilikuwa inauzwa kwa watu wanaokusanya magari ya zamani. Maelezo ya Kifaransa yalisifu ngozi mpya ya viti na injini iliyofunguliwa yote ikafungwa upya. Chini yake waliandika kwamba ilipatikana Kongo, imetupwa, wenyeji wakiifanya nyumba ya kuku.

Waliweka pia picha ya zamani, kabla haijatengenezwa. Jogoo amesimama juu ya usukani. Nyuma unaonekana ukuta wetu wa matofali, na liputa ya mama, kile kitenge cha samaki wa buluu, imeanikwa kwenye kamba. Mteja mmoja aliinama kutazama, akacheka.

"Watu wengine hawajue kitu," alisema.

Nilizima simu nikamfungia dawa zake, uso unawaka. Haikutupwa, lakini ningeanzia wapi kumweleza?

Papa, yaani baba yetu, alikuwa fundi wa mashine kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja, nje ya mji. Mzungu huyo alipozeeka akarudi kwao, alimwachia Papa ile motokari, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kuiwasha. Wakati huo ilikuwa ya kijani iliyopauka. Lupango yetu, ule ua tulioishi, ilikuwa upande wa Simi-Simi, na kila Jumapili baada ya misa Papa aliitoa nje polepole. Mama alikaa mbele, ameshika kitambaa cha kichwa kwa mikono miwili. Yaya na mimi tulijibana nyuma ya viti, mahali pa mizigo. Tulikwenda Wagenia kununua samaki waliotolewa mitegoni asubuhi ile, tukarudi nao ndani ya beseni, wanaruka, wanatulowesha viatu vya kanisani. Chuma kiliunguza mapaja. Kulikuwa na harufu ya petroli, ya ngozi kuukuu, ya mto. Mvua ikitukuta njiani, Papa hakuongeza mwendo. Alicheka tu peke yake, maji yanamchuruzika kwenye masharubu.

Nyumbani mama alitwanga ndizi kwenye kinu mpaka zinavutika, tukala lituma moto kwa samaki na pilipili. Jirani yetu, mama Mwislamu aliyetoka Maniema, alipenda kusema, "Ule papa iko naogesha familia yake barabarani." Alisema kwa upendo, na kichwa cha samaki kilikuwa chake siku zote.

Kisha vita vikaingia mjini. Magari yalichukuliwa na askari, moja moja, watu wakabaki na baiskeli. Papa alitoa magurudumu akayafukia nyuma ya choo, akajenga kibanda cha miti na mabati juu ya motokari, akaingiza humo kuku wa mama. Mama alivililia vile viti. Papa akamwambia, "Watakula kuku, wataacha motokari."

Askari walikuja asubuhi moja. Walikuwa wageni, Kiswahili chao hakikufanana na chetu. Walipita nyumba kwa nyumba wakichagua vijana wa kubeba mizigo, na yaya, aliyekuwa ameanza kuota ndevu, walikwisha kumsimamisha barabarani pamoja na wengine. Vijana waliochukuliwa hivyo mtaa wa pili hawakuwa wamerudi. Mkubwa wa askari aliinama akachungulia kibandani. Akauliza hii ni nini.

"Nyumba ya kuku, chef," Papa alisema.

"Ina usukani?" Yule askari alicheka, akawaita wenzake. "Basi mzee, endesha."

Papa aliingia. Alikaa juu ya mavi ya kuku na suruali yake ya kazi, akashika usukani, akaanza kuvuma kwa midomo. Walimwambia abadilishe gia, akabadilisha, sauti ikapanda. Walimwambia apige honi. Papa yangu, aliyevaa tai kanisani, alisema pii, pii, na kuku wakarukaruka mabegani mwake. Majirani walikuwa wamesimama kwenye ua. Mmoja alianza kucheka, sijui kwa woga au vipi, kisha wengine wakamfuata. Papa akazidisha. Akakata kona, akainama upande mmoja kama mtu anayeendesha kasi, akapungia watu mkono. Askari walicheka mpaka wakajifuta machozi. Mkubwa wao alimgeukia yaya akamsukuma begani: "Nenda kwa baba yako, dereva." Wakachukua kuku sita na vijana wa watu wengine, wakaenda.

Papa hakutoka upesi. Mama alimpelekea maji, akanawa mikono tu.

Kama alifanya kwa akili au kwa hofu, sijui. Sikumuuliza, naye hakusema. Ninachojua ni kwamba watoto wa mtaa walituvumia kwa midomo njia nzima ya shule, miezi na miezi, na yaya alipigana kila wiki. Mimi sikupigana. Nilitembea nimeinamisha kichwa, nikitamani ardhi inimeze. Vita vilipokwisha Papa hakufukua magurudumu. Mfanyabiashara mmoja alikuja, akapiga picha, akaipakia motokari kwenye mashua ya mizigo kwenda Kinshasa. Siku hiyo Papa alikwenda kusali, ingawa haikuwa Jumapili.

Nilimpigia yaya simu baada ya kufunga duka. Kumbe alikuwa amekwenda kuiona motokari. Muuzaji alimdhania mnunuzi, akamfungulia mlango, akamwambia akae ajaribu.

"Nilikaa," yaya alisema. "Wakawasha moteur. Nililia mbele ya wazungu, dada yangu."

"Uliwaambia ilikuwa ya Papa?"

"Niliwaambia nitafikiria."

Kisha akasema ana kazi kesho.

Siku hizi nikipita Simi-Simi, pale petu pana nyumba ya ghorofa ya wanafunzi. Ukuta umebomolewa. Papa na mama tumewazika. Mama wa Maniema alirudi kwao akafia huko, na majirani wa ule ua wametawanyika, Basoko, Goma, makaburini. Miaka mingi nilikuwa nawahesabu, nikijiambia kwamba siku watakapoisha wote walioona yale, nitaweza kupita pale nimeinua kichwa. Sasa wamekaribia kuisha. Nasimama barabarani na kutafuta mtu wa kusalimia, na hapo ndipo ninapoona aibu zaidi, kwa sababu hao niliotamani waondoke ndio peke yao waliomjua Papa yangu.