Kitabu Kwenye Kioo cha Kinyozi

Kaka yangu ni kinyozi, na hapendi kuongea. Semeni mtakavyo, wateja wake wanamfuatia hilo hilo. Kwa vinyozi wengine unanyolewa huku unahubiriwa siasa, mpira na ndoa za majirani. Kwa kaka unanyolewa tu. Wamempachika jina la Kimya. Mimi ni dada yake, fundi cherehani. Tumekodi chumba kimoja tukakigawa kwa pazia: upande wangu mashine na vitambaa, upande wake kiti cha kuzunguka na kioo kinachofika darini. Maneno ya chumba kizima nayasema mimi.

Msidhani hana sauti. Anayo, ila inapitia kwenye kioo. Akisimama nyuma ya mteja akamwangalia kwenye kioo, atauliza "Pembeni nipunguze?" vizuri kabisa. Mteja akigeuka amtazame usoni, kaka anameza maneno na kuanza kupangusa mashine ya kunyolea. Hata mkewe alimpata kwenye kiti kile kile. Alikuja kupunguza nywele, wakatazamana kwenye kioo, basi.

Walijaliwa binti mmoja. Namwita Kifungo, kwa sababu ni mviringo na ukigeuka tu amepotea. Wifi yangu anafua mashuka hospitalini, anatoka alfajiri anarudi jioni, kwa hiyo Kifungo akitoka chekechea anashinda kwetu. Alikuwa mzito wa kusema kama baba yake. Mwalimu wa chekechea akatuambia: mtoto asomewe nyumbani kila siku na aongeleshwe, la sivyo wenzake wakiingia darasa la kwanza yeye atabaki na wadogo.

Kaka alipoisikia habari ile alikaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo hafanyi. Yeye mwenyewe aliwahi kubakizwa na wadogo, mpaka magoti yakawa hayaingii chini ya meza, nao wakimwita bubu. Nakumbuka alivyokuwa akirudi nyumbani. Nililia mimi kwa niaba yake. "Huyu hapana," akaniambia, tena aliniambia usoni, nikajua mambo ni mazito.

Akanunua kitabu cha sungura aliyekataa kuoga. Asubuhi anakisoma kimoyomoyo mpaka kinamkaa kichwani. Mchana, wateja wakipungua, anampandisha Kifungo kwenye kiti, anamfunga kitambaa shingoni, sijui cha nini maana mtoto hanyolewi, anasimama nyuma yake, anakinyanyua kitabu juu ya kichwa cha mtoto, kurasa zikielekea kioo, na anaanza. Weee, kaka yangu anaongea! Sauti ya sungura, sauti ya mama sungura, hadi sauti ya beseni. Kifungo anajibu, anauliza, anambishia. Nyuma ya pazia nilisimamisha mashine nisikilize. Muda si muda Kifungo akawa anasoma mwenyewe, akiyafuata maneno kwenye kioo kwa kidole. Wateja wakampigia makofi. Hakuna aliyeona kasoro, na chumba kilijaa watu wazima wenye macho.

Siku ya usaili wa kuingia darasa la kwanza kaka aliniomba twende wote, niwe mdomo. Mwalimu wa darasa hilo akamkalisha Kifungo mbele yake, akamfungulia kitabu. Kifungo akakitazama. Kisha akageuza kiti, akampa mwalimu mgongo, akatulia akingoja kitabu kinyanyuliwe juu ya kichwa chake.

"Mtoto huyu hana adabu," akasema mwalimu.

"Adabu anayo," nikamjibu. "Labda kitabu chako ndicho hakina." Nilikuwa sijaelewa kitu, lakini vidonge vyake nilishampa.

Kifungo akaukagua ukuta, akauuliza ukuta, si mwalimu, "Kioo kiko wapi?" Mwalimu akamgeuza kwa upole, akamwonyesha mstari wa kwanza. Mtoto akaanza kulia. "Maneno yamegeuzwa," akasema. Nikamwona kaka uso unamshuka. Alielewa kabla yetu sote. Mwalimu naye akatuangalia, akafungua mkoba, akatoa kioo kidogo, akakisimamisha mbele ya ukurasa. Kifungo akausoma mstari wote bila kupumua.

"Makubwa haya," akasema mwalimu. Hakucheka, namshukuru. "Akili anazo. Lakini darasani sina vioo, baba. Mleteni tena shule zikikaribia kufunguliwa. Asome ukurasa ulivyo, na aongee na mtu huku wanatazamana. Akishindwa, atabaki na wadogo."

Njia nzima kaka hakusema neno, na safari hii kimya chake kiliniuma. Tulipofika dukani nikachukua kitambaa, nikakifunika kioo chote.

"Geuza kiti," nikamwambia.

"Siwezi, dada."

"Kiti kinazunguka, juzi tu umekitia mafuta. Kigeuze."

Akakigeuza. Akakaa kwenye kigoda mbele ya mwanawe, magoti yakagusana. Akafungua kitabu, akafungua na mdomo, hakutoka hata sungura. Mimi nikang'ata uzi na kunyamaza, na Mungu anajua kazi niliyoipata.

Kifungo alimtazama baba yake kwa muda mrefu. "Baba," akasema, "kovu lako limehama."

Kaka akalishika. Lipo shavu la kushoto tangu utotoni, ila mtoto alizoea kuliona kwenye kioo. "Halijahama, mwanangu. Liko hapa hapa. Shika."

Akalishika. "Nani alikuumiza?"

Jibu ninalo mimi: alianguka akiiba sukari kabatini, nilikuwepo. Lakini kaka akamtazama mtoto machoni, akasema, "Mbuzi." Kisha akaendelea. Mbuzi mwenye ndevu, aliyekula madaftari ya darasa zima na kumkimbiza mlinzi mpaka juu ya paa. Uongo mtupu! Kwetu hatukuwahi kufuga hata kuku. Ulimi uliniwasha, maana mimi na uongo hatupikiki chungu kimoja, lakini niliuzuia. Aliongea mpaka mteja akaingia, akakaa, akasahau alichofuata. Kesho yake Kifungo akamdai mbuzi tena. Baada ya mbuzi wakakiweka kitabu magotini, mtoto akilalamika kila mstari kwamba umekaa vibaya, hadi akauzoea.

Tuliporudi kwa mwalimu, Kifungo alisoma ukurasa wake taratibu, akikwama na kuanza tena. Mwalimu akamwambia asimulie chochote anachotaka. Kifungo akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana, akamtazama machoni, akamsimulia mbuzi yule kuanzia ndevu hadi kovu. Kaka alisimama mlangoni, machozi yanamtiririka, wala hakuyapangusa.

Mwalimu akamwambia Kifungo kwamba darasa la kwanza linamsubiri. Halafu akanigeukia mimi.

"Shangazi, hiyo habari ya mbuzi ni ya kweli?"

"Kweli tupu," nikasema. "Mbuzi yule nilimjua."