Sauti ya Mama Mdogo Niliyoishusha

Leo nimemdanganya mama mdogo wangu, na roho inanisuta.

Juzi nilirekodi kwaya ya akina mama sita sebuleni kwetu Kilema, kila mmoja na maiki yake.

Mama mdogo huwa anatoka nje ya tuni. Basi kwenye miksa nikaishusha sauti yake mpaka sifuri.

Leo kapita akitoka kukata majani ya ng'ombe, akavaa hedifoni, akafumba macho.

"Mbona mimi sijisikii?"

"Upo, Mama Mdogo. Sauti zimeungana tu."

Akatabasamu. "Afadhali. Miaka yote wenzangu wananiambia naharibu."

Akaomba nimtumie, awasikilizishe wajukuu.

Nimemtumia hivyo hivyo.

Jamani, ningemwambiaje?