Helmeti ya Daudi Kwenye Benchi la Madamu Holo

Naanza na upuuzi wenyewe ili nisije nikaupamba huko mbele: nilikwenda kwa mnasihi nimevaa helmeti ya bodaboda, na sikuwa na pikipiki. Sina pikipiki, sijui hata kuiendesha (Daudi alinifundisha mara moja tukaishia kwenye jaruba la mpunga la watu), lakini kichwani nilikuwa na helmeti nyeusi yenye kioo cheusi, mwilini nina koti zito la huyo huyo Daudi, binamu yangu, na jua la Kahama lilikuwa linanianika kama michembe ya viazi.

Mtauliza kwa nini. Naitwa Shija, nipo kidato cha tatu, na kazi yangu isiyo na mshahara pale shuleni ni kuchekesha. Nikiingia darasani watu wanaanza kucheka kabla sijafungua mdomo, na hiyo si sifa, ni hali halisi. Tatizo ni kwamba tangu baba afariki mwaka jana (alikuwa dereva wa lori, alianguka tu pale Isaka wakati wanapakua mzigo, hata kuugua hakuugua) nilikuwa nachekesha mchana halafu usiku silali, nahesabu mabati. Mwalimu wa malezi akaligundua hilo, sijui aligunduaje, akaniita pembeni akasema, "Shija, wewe unawachekesha wote, nani anakuchekesha wewe?" Nikatafuta jibu la utani nikalikosa, na mimi kukosa jibu la utani ni dalili mbaya kuliko homa.

Ndipo akanipangia nafasi kwa Madamu Holo. Huyu Madamu ana ofisi yake binafsi pale mjini, kibao kimeandikwa vizuri kabisa, "Ushauri Nasaha kwa Vijana na Watu Wazima," lakini mtaani hakuna anayekisoma hivyo, mtaani ni "kwa Madamu wa machizi," kwisha. Mwalimu alinisisitiza nimwambie mama. Nikasema ndiyo mwalimu, nikatoka pale nikiwa nimeshaamua kutomwambia. Mama ana mizigo yake. Anauza mchele sokoni, majirani wanamwita Mama Kulwa kwa jina la mkubwa wetu, ila sokoni wanamwita Jiwe, kwa sababu siku ya msiba wa baba ndiye aliyekuwa anawanyamazisha waliokuja kumpa pole. Hajawahi kulia mbele ya mtu, na tangu siku hiyo hajawahi kucheka pia. Nimejaribu vichekesho vyangu vyote kwake, hata kile cha mkuu wa shule na mbuzi ambacho hakijawahi kushindwa, ananitazama tu, ananiambia, "Kula, Shija." Sasa mtu kama huyo ukamwambie mwanao wa mwisho anakwenda kwa Madamu wa machizi?

Kwa hiyo nikaazima helmeti. Wazo lilikuwa kwamba bodaboda wako kila mahali, hakuna anayemtazama bodaboda mara mbili. Na nikaamua niende mapema, nikae kwenye benchi kabla watu hawajachangamka. Akili nyingi, si ndiyo?

Nilichosahau ni jirani wa Madamu Holo. Ofisi yake ipo mwisho wa korido, na mwanzo wa korido hiyo hiyo kuna duka la kununua dhahabu. Na yeyote aliyekulia ukanda wetu huu anajua sheria ya duka la dhahabu, iwe Kahama, iwe Geita: unavua helmeti ndipo unaingia. Kibao kilikuwepo pale mlangoni, kikubwa kuliko cha Madamu, herufi nyekundu. Nikakisoma. Nikajiambia, hicho kinawahusu wanaokwenda kwenye dhahabu, mimi nakwenda kwenye machozi. Mlinzi, Mzee Ngassa, alikuwa ameinama anamimina chai. Nikapita.

Nikakaa kwenye benchi. Mlango wa Madamu ulikuwa umefungwa, ndani nasikia sauti za chini chini, nikajua kuna mtu. Nikasema sasa ngoja nivue nipumue. Nikashika helmeti, nikavuta. Haikuja. Nikavuta tena, masikio yakasema usithubutu. (Daudi ana kichwa kama ndimu. Mimi nimechukua kichwa cha baba, na kichwa cha baba kilikuwa na historia yake, tutafika.) Nikiwa bado napambana, nani anaingia koridoni na bakuli lake la wali na maharage? Mama Sikudhani!

Huyu lazima niwaeleze. Mama Sikudhani ni jirani yetu, anawauzia chakula madalali wa dhahabu, na habari anazigawa bure. Ukimwambia jambo saa nne, saa sita linajulikana hadi kule Nyandekwa. Nikaacha kuivuta helmeti hapo hapo, nikaipenda ghafla, nikakaa wima kama mtu anayesubiri abiria.

"Mwangaluka," akanisalimia. Na kwetu salamu haipitwi, na ikishaanza lazima uulizwe umetoka wapi, wewe mtoto wa nani, mvua huko mmepata. Mimi kimya. Nikiongea tu ananijua. Nikatikisa helmeti.

"He! Mzee Ngassa! Huyu mtu wako mbona haitikii salamu?"

Mzee Ngassa akageuka na kikombe chake. Ni mzee mwembamba, ana rungu na filimbi, na zamani alikuwa sungusungu huko kijijini kwao, jambo analokukumbusha kila ukipita. Akaniona. Akaona helmeti, akaona koti, akatazama mlango wa dhahabu, akanitazama tena.

"We kijana. Vua."

Nikatikisa kichwa, maana yangu "haitoki." Yeye akaelewa "sitaki."

"Umekuja kwa nani?"

Swali gumu kuliko yale ya mtihani wa hesabu. Nikafikiri, nitamwonyesha kitambulisho changu cha shule, kimya kimya, mtu mzima atanielewa. Nikaingiza mkono ndani ya koti.

Ndugu zangu, msiingize mkono ndani ya koti mbele ya duka la dhahabu.

Mama Sikudhani akaachia bakuli na akapiga mwano. Kama hujawahi kuusikia mwano wa Kisukuma sijui nikuelezeje, ni ukelele wa hatari, na ukishapigwa kila mwenye miguu anatakiwa aje, awe anakula, awe anaoga. Filimbi ya Mzee Ngassa ikaunga. Mle dukani nikasikia geti la chuma linashuka, krrraa! Wakaja watu wa mashine ya kukoboa mpunga weupe kwa vumbi la pumba, wakaja mafundi cherehani na futi zao shingoni, wakaja bodaboda wa kijiwe cha jirani, na mmoja wao akaninyooshea kidole:

"Hiyo helmeti ya Daudi! Oneni stika, 'Usinionee Wivu'! Jambazi kamwibia Daudi!"

Kwa hiyo hata dakika hazijapita nikawa nimehukumiwa kwa dhahabu ambayo sijaiona na helmeti ambayo siwezi kuiacha hata nikitaka. Nikapiga kelele kwamba mimi ni mwanafunzi, lakini mle ndani sauti inatoka kama ya mtu aliye kisimani, ikawatia hofu zaidi.

Mlango wa Madamu Holo ukafunguka kidogo. Ni mama wa makamo, mpole, ana miwani. Mzee Ngassa akamuuliza, "Madamu, huyu ni mgeni wako?"

Akanitazama, akawatazama wao, akaushika mlango vizuri. Baadaye nilielewa kwa nini hakujibu moja kwa moja: kwa wanasihi ni mwiko kumtaja anayekuja na asiyekuja, hata wakimwekea panga. "Mzee Ngassa," akasema, "mimi siwezi kusema nani ni mgeni wangu na nani siye. Ninachowaomba, msimguse."

"Basi hamjui!" wakashangilia. Rungu likapanda.

Sasa mtu aliyevaa helmeti na koti zito ili mama yake asijue, akiliona rungu linapanda anamwita nani?

"MAMAAAA!"

Na mama akatoka.

Mama yangu. Akatokea nyuma ya Madamu Holo, akampita kwapani, khanga inaburuza, leso mkononi, macho mekundu kama amepuliziwa moshi. Akaja moja kwa moja akasimama kati yangu na rungu. "Huyo ni Shija! Huyo ni mwanangu!"

Rungu likabaki juu halijui liende wapi. Kisha Mama Sikudhani, taratibu, na ile sauti yake ya kuonja mchuzi: "Mama Kulwa... na wewe ulikuwa humo?"

Kumbe kila Alhamisi anaposema anapeleka mpunga mashine, anakuja hapa. Kumbe Jiwe lina mahali linapoyeyukia, na mimi ndiye niliyekusanya soko zima kuja kuliona. Nikaona uso wake unavyotafuta pa kujificha, na mimi huo uso naujua, ni wangu, ndio niliouvalia helmeti.

Nikasimama juu ya benchi.

"Amekuja kwa ajili yangu!" nikapiga kelele kutoka kisimani kwangu. "Mimi ndiye chizi, jamani! Mama amekuja kuniombea nafasi! Kama hamuamini nitazameni, mtu mwenye akili timamu anavaa koti hili kwa jua hili?"

Mmoja akacheka, na wa pili. Watu wa mashine wakaanza kupigana vikumbo. Nikawapigia na saluti, wakazidi. Nikajua nimemfungulia mama njia, apite tu katikati ya kicheko chao aende zake sokoni akaendelee kuwa Jiwe, na mimi nibaki na jina langu jipya hadi nimalize shule. Kusema kweli, sikuliona zito. Nimeitwa mabaya zaidi.

Mama hakupita. Akajifunga khanga vizuri, akawageukia.

"Mwongo huyo," akasema. "Mimi nakuja hapa tangu tuvune mpunga. Tangu Baba Kulwa aanguke, nikisikia honi ya lori nakwenda kufungua geti. Usiku nakwenda kufungua geti. Nikaona nitakuja kufungua geti hadi lini. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuletwa na mtu. Na huyu hata sikujua kama naye anakuja." Akanitazama hapo, mara moja, kwenye kile kioo cheusi. "Mzee Ngassa, teremsha rungu, mkono utakuuma."

Mzee Ngassa akateremsha. Akasema, "Samahani, mayu," yaani mama, akavua kofia, sijui kwa nini, labda ili pale koridoni apatikane angalau mmoja wa kuvua kitu.

Watu wakaanza kutawanyika kwa aibu ya watu waliokuja na marungu kwenye jambo la machozi. Mama Sikudhani ndiye alibaki, anaokota maharage yake moja moja, na alipodhani hatumsikii akamsogelea Madamu Holo: "Madamu, hivi mtu akitaka kuja... siyo mimi, kuna jirani yangu mmoja... anakuja siku gani?"

"Jirani yako aje Jumanne," Madamu akamjibu. "Asivae helmeti tu."

Tukarudi nyumbani, mama mbele, mimi na helmeti yangu nyuma, watoto wa mtaa mzima wanatusindikiza. Mama akanikalisha kwenye kigoda uani, akanimiminia mafuta ya alizeti kila upande, akaniwekea goti mgongoni akavuta. Ikatoka na mlio, pwaa! kama kizibo. Nikageuka, masikio yanawaka, nywele zinadondosha mafuta, stika ya "Usinionee Wivu" imebanduka ikaninasa shavuni.

Mama akanitazama. Mdomo ukaanza kumtetemeka, nikajua sasa analia, nikajiandaa. Akacheka. Alianza kidogo kwa pua, halafu akakaa chini kabisa, anapiga goti, anashindwa kupumua, anacheka na machozi yanashuka yote pamoja, na mimi nikacheka, na mimi nikalia, hatukujua tena kipi ni kipi. Na kile kichekesho cha mkuu wa shule na mbuzi kilishindwa!

Kwa hiyo mimi nimeapa, nyinyi chukueni kama onyo: popote utakapokwenda kutafuta nafuu, nenda kichwa wazi, salimia watu, na kama mlango una kibao, kisome kama kimeandikwa kwa ajili yako. Shuleni wananiita Helmeti. Nimelikubali.

Alipomaliza kucheka, mama alijifuta macho kwa ncha ya khanga, akaishika ile helmeti akaigeuzageuza, na alisema hivi, neno kwa neno:

"Baba yako naye siku ya harusi yetu kofia ilimgomea hivi hivi, akaingia kanisani nayo. Haya, kaoge, umrudishie Daudi mali yake. Na Alhamisi tutakwenda wote kwa Madamu, ila wewe utangulie, mimi nitakuja nyuma nyuma, sitaki watu waseme natembea na jambazi."